Kiungo Salama Ni Kile Kinachokataa

Ukiuliza Nachingwea au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, ni plagi ipi inafaa kuunganisha jenereta na banda la chuma lililobebwa na lori, jibu huja kabla swali halijakamilika: tafuta nzito, ya chuma, na ikipatikana ya jeshi ndiyo kabisa. Fundi wa karakana anasema hivyo, ofisa manunuzi anasema hivyo, na mstaafu aliyewahi kupiga kambi porini anaongeza kwamba zamani vitu vilikuwa vitu. Nyuma ya jibu hilo kuna mlolongo wa imani ambao mara chache unahojiwa: uzito ni uimara, uimara ni usalama, na jeshi ndilo hakimu wa uimara. Plagi na soketi zikikataana, imani hiyo ina dawa yake pia: fundi hodari hashindwi, atazikubalisha.

Naupinga mlolongo huo mwanzo hadi mwisho. Kiungo cha umeme hupimwa kwa mambo kinayoyakataa. Kilicho salama hukataa volti isiyo yake. Hukataa kupitisha umeme kabla waya wa ethi haujagusana. Hukataa kuchomolewa ovyo kikiwa kimebeba mzigo, hukataa maji na vumbi, na hukataa kabisa kugeuzwa dume lenye pini likawa jike lenye matundu. Kinachokubali kila kitu ndicho kitakachoua mtu, hata kama kimefuliwa kwa chuma cha kifaru.

Suala hili haliwahusu wanajeshi peke yao. Banda la gari la kijeshi ni chumba cha bati au alumini kinachopakiwa juu ya lori: ndani huweza kuwa chumba cha redio, karakana, jiko, maabara au zahanati. Lori lina umeme wake wa betri, mara nyingi volti 24. Banda linahitaji umeme mwingine, volti 230 au fezi tatu za volti 400, kutoka kwenye jenereta inayokokotwa nyuma au kutoka kwenye nguzo ya shirika la umeme, TANESCO. Umbo hilohilo utaliona kwenye kliniki ya kutembea, kwenye kontena la ofisi ya mgodi, na kwenye lori la jukwaa la muziki. Anayekosea kuchagua kiungo cha banda la jeshi atakosea vilevile kwenye hayo mengine.

Na Nachingwea ni mji uliozoea magari ya kijeshi. Kuanzia 1965 hadi Msumbiji ilipopata uhuru 1975, wapiganaji wa FRELIMO walifundishwa hapo, kwenye kambi iliyowekwa katika shamba lililojulikana kama Farm 17. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lina kikosi hapo. Novemba 2018, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kazi ya kuikusanya ilipewa JWTZ, na malori ya jeshi yakaonekana kwenye maghala ya kusini. Raia wakipata kitu kilichotoka jeshini, plagi au kontena, hukipokea kwa heshima. Heshima hiyo naielewa. Ninachokataa ni kuifanya cheti cha ubora.

Mahali pengine pangeweza kusamehewa kwa kuamini kwamba kilichofaa vitani kitafaa popote. Nachingwea haina udhuru huo. Mji huu ulikuzwa na Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 Kongwa na baadaye ukafika Urambo na huku kusini. Dunia ilikuwa imetoka vitani, matrekta mapya hayakupatikana, na wakubwa wa mpango wakageukia mabaki ya vita. Matrekta yalinunuliwa kutoka kwenye akiba za jeshi, hata zile zilizokuwa Ufilipino. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs kilichukua vipuri vya vifaru vya Sherman kikaunda trekta lililoitwa Shervick. Kama uzito ungekuwa usalama, hapo ndipo ungejionyesha, maana trekta lililozaliwa na kifaru si mzaha.

Matokeo yanajulikana. Sehemu kubwa ya matrekta ya mabaki ya vita ilikuwa imekufa ndani ya mwaka wa kwanza. Aina zilikuwa nyingi, vipuri havikuingiliana, mafundi walikabidhiwa mashine ambazo hawakuwahi kuziona, na udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa mgumu kama tofali. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mpango umeshindwa, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vyuma havikushindwa kwa kukosa uzito. Vilishindwa kwa sababu viliundwa kwa kazi moja vikapelekwa kwenye nyingine, na kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema nini kitashikana na nini. Hilo ndilo swali la kiungo cha umeme, na wilaya hii ililipiwa ada ya kulijifunza kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Sasa tuingie kwenye plagi yenyewe. Mfano mzuri kuliko yote wa kuvunja imani ya “ya jeshi ndiyo salama” ni plagi ya jeshi. Majeshi ya NATO yana kiungo cha kuwashia gari lililokufa betri kwa msaada wa gari jingine, kilichowekewa kiwango kiitwacho STANAG 4074. Ni kizito, kinajaza kiganja, na hubeba mamia ya ampea kwa muda mfupi. Kwa macho ya kijiweni, hicho ndicho kiungo cha ndoto. Lakini kina njia mbili tu: pini ya katikati kwa chanya na mzingo wa nje kwa hasi. Hakina njia ya ethi, kwa sababu umeme wa volti 24 wa betri hauihitaji kwa namna ambayo volti 230 inaihitaji. Fundi anayekichukua na kukitumia kuunganisha jenereta na banda ameweka volti 230 ndani ya kitu ambacho hakikuacha nafasi ya waya unaookoa maisha. Ampea zipo tele. Usalama haupo hata chembe.

Jeshi lililokiunda halikufanya kosa. Liliwapa askari wake umbo moja la volti 24 ambalo haliwezi kuingia kwenye soketi ya volti 230, ili askari aliyechoka, usiku, mvua ikinyesha, asiweze kukosea hata akitaka. Usalama wa plagi ile uko kwenye kukataa kwake. Sisi tumeutazama uzito wake tukauacha ukaidi wake, ambao ndio uliokuwa wa kuigwa.

Ukaidi huohuo, kwa bei ya raia, umo kwenye plagi za duara za viwandani zinazofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60309. Wengi wameziona kwenye migodi, bandarini na kwenye majukwaa ya muziki. Rangi yake inasema volti: njano ni kati ya 100 na 130, bluu ni kati ya 200 na 250, nyekundu ni kati ya 380 na 480. Ukubwa wake unasema ampea: 16, 32, 63 na 125, na ya ukubwa mmoja haiingii kwenye ukubwa mwingine. Pini ya ethi ni nene kuliko nyingine, na mahali inapokaa kwenye duara hubadilika kulingana na volti na mzunguko wa umeme. Hata vifaa vya kijeshi na vya ndege vinavyotumia umeme wa hezi 400, tofauti na hezi 50 za kwetu, vina rangi yao ya kijani na nafasi yao. Wahenga walisema kila mlango na ufunguo wake, na hapa kuna kiwanda kilichowatii.

Zaidi ya hapo, pini ya ethi hugusa kwanza unapochomeka na huachia mwisho unapochomoa. Hakuna sekunde ambayo umeme upo na ethi haipo. Kwenye zile za ampea 63 na 125 huweza kuwepo pini ndogo ya ziada, fupi kuliko zote, inayoachia kabla ya nyingine. Ikiachia, swichi ya mbali hukata mzigo kabla pini kubwa hazijatengana, na cheche kubwa inayochoma uso na mikono haizaliwi. Ukitaka uhakika zaidi, kuna soketi zenye swichi iliyofungamanishwa na plagi: haiwaki mpaka plagi iingie yote, na plagi haitoki mpaka swichi izimwe. Mambo yote haya yamefanywa kwa plastiki ngumu na shaba nyeupe. Chuma kizito hakikuhitajika.

Watetezi wa uzito watasema: basi, nunua hiyo ya viwandani, lakini nunua kubwa kabisa. Ampea 125 itashinda ampea 32 siku zote. Hoja hii ina sura ya busara na ndiyo maana ni hatari. Chukua banda lenye viyoyozi viwili, taa, friji ya dawa na vyombo vya mawasiliano, jumla kilowati 10. Kwa umeme wa fezi moja wa volti 230, huo ni mkondo wa ampea 43 na ushei, kwa hiyo plagi ya bluu ya 63 inatosha. Kwa fezi tatu za volti 400, hata ukihesabu kwamba mota za viyoyozi huvuta mkondo wa ziada, hutazidi ampea 20 kwa kila fezi kama mzigo umegawanywa sawasawa, na plagi nyekundu ya 32 yenye pini tano inabeba kwa raha.

Ukiweka ya 125 hapo, unaleta matatizo matatu. Tundu la kubania waya ndani yake limeumbwa kwa waya mnene wa makumi ya milimita za mraba. Waya wako mwembamba utakaa humo bila kubanwa sawasawa, skrubu ikikaza hewa. Mpira wa kuziba kebo pale inapoingia utakuwa mpana kuliko kebo, kwa hiyo maji na vumbi vitapita. Na kinachotisha zaidi, breka inayolinda soketi ya 125 itaruhusu mkondo ambao kebo yako haiuwezi, na kebo itaungua huku breka ikitazama. Plagi, kebo na breka huchaguliwa pamoja. Mmoja akipita wenzake, ulinzi umevunjika.

Joto halizaliwi na udogo wa plagi peke yake. Huzaliwa zaidi pale chuma kinapogusana vibaya na chuma. Hesabu ni rahisi: mkondo uzidishwe kwa mkondo, kisha kwa ukinzani. Mguso wenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya ohmu, kitu kidogo ambacho mita ya kawaida ya fundi haikioni, ukipitishiwa ampea 63 hutoa karibu wati 40. Hilo ni joto la pasi ya kuchomelea risasi, limefungiwa ndani ya plagi, masaa nenda rudi. Ndiyo maana kiwango cha IEC 60309 kinataka joto la viungio vya plagi lisipande zaidi ya nyuzi 50 juu ya joto la mazingira. Plagi ya kilo mbili yenye pini zilizolegea itapika. Ya robo kilo yenye pini zilizobana itabaki vuguvugu.

Hapo inakuja dawa inayopendwa kuliko zote: achana na plagi kabisa, sokota waya kwa waya, funga tepu, umemaliza. Wapo wanaoapa kwamba waya uliosokotwa ni imara kuliko plagi yoyote kwa sababu hautoki. Ni kweli hautoki kirahisi, na hilo ndilo kosa lake. Banda la gari ni kitu cha kuhama. Waya uliosokotwa kwenye kitu kinachohama huvutwa, hukanyagwa na hulegea. Ukilegea hupata moto, ukipata moto hutanuka, ukipoa hunywea na kulegea zaidi, na kila mzunguko huongeza kutu kwenye shaba. Siku ya kuondoka, mtu atausokotoa kwa mkono, akiamini kwamba mwenzake amezima jenereta. Plagi humkinga mtu huyo hata kama mwenzake amesahau. Tepu haimkingi.

Ndugu wa karibu wa waya uliosokotwa ni kebo yenye plagi dume pande zote mbili. Nyumba ikikatikiwa umeme, mtu anachomeka dume moja kwenye jenereta na jingine kwenye soketi ya ukutani, na taa zinawaka. Pini za upande ulio wazi zina volti 230 mkononi mwake. Kisha, kama hakuzima meni swichi, umeme wake unatoka nyumbani kwenda nguzoni, unaingia kwenye transfoma ya mtaa kinyumenyume, na transfoma iliyozoea kushusha volti 33,000 au 11,000 hadi 400 sasa inapandisha. Fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo, anayeamini laini imekufa, anakutana na maelfu ya volti kutoka kwenye jenereta ya jirani.

Kanuni inayozuia hayo ni fupi: upande wenye umeme uwe jike siku zote, upande unaopokea uwe dume. Jenereta iwe na soketi. Banda liwe na pini zilizozama ndani ya ukuta wake, zenye kifuniko. Kebo iwe na dume upande wa jenereta na jike upande wa banda. Na pale ambapo banda linaweza kulishwa na TANESCO na jenereta, iwekwe chenjiova isiyoweza kukaa pande mbili kwa wakati mmoja. Fundi anayesifiwa kwa kutengeneza adapta inayokubali chochote anasifiwa kwa kuvunja kanuni hii.

Kusini kuna sababu ya pekee ya kulichukulia suala hili kwa uzito. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi hazikuwa kwenye Gridi ya Taifa. Zilitegemea mitambo ya gesi ya Mnazi Bay iliyoko Mtwara, na umeme ulisafiri kwa laini ndefu hadi kufika Nachingwea na Ruangwa. Ukikatika njiani, unakatika kwa wengi. Jenereta ikawa mwanafamilia, na kebo za kuungaunga zikawa mila. Mila ni kitu cha kuheshimiwa, lakini umeme hauna kabila.

Kuna imani nyingine inayohusu magari hasa, nayo inaumiza: kwamba lori liko juu ya matairi ya mpira, kwa hiyo halihitaji ethi. Ukweli umegeuzwa. Mpira ndio unaofanya hatari isionekane. Fezi ikigusa bati la banda, mpira unauzuia umeme usiende ardhini, breka haioni kitu, na banda zima linakaa na volti 230 kimya kimya. Linasubiri mtu mwenye miguu ardhini ashike mlango. Aliye ndani hatahisi chochote, kwa sababu yeye na banda wako kwenye volti ileile. Anayeuawa ni anayepanda au anayeshuka.

Wengine watajibu kwamba wao hupiga nondo ardhini, kwa hiyo wametimiza. Nondo ni jambo jema, ila tuihesabu. Tuseme njia ya ardhini kutoka kwenye banda hadi jenereta ina ukinzani wa ohmu 100, jambo la kawaida udongo ukiwa mkavu kati ya Juni na Oktoba. Volti 230 zikigawanywa kwa 100 ni ampea 2.3. Breka ya ampea 32 haitashtuka kwa hizo, na banda litabaki na umeme. Waya wa ethi ndani ya kebo, ukipita kwenye pini ile nene ya plagi, huurudisha mkondo wa hitilafu kwa shaba yenye ukinzani usiofika ohmu moja, na breka huanguka papo hapo. Pini ya ethi inafanya kazi ambayo nondo peke yake haiwezi.

Juu ya hiyo, iwekwe breka ya umeme unaovuja, ile inayokata kwa miliampea 30. Nayo ina sharti ambalo mara nyingi husahaulika: nutro ya jenereta lazima iunganishwe na ethi, mahali pamoja tu, kwenye jenereta yenyewe. Jenereta nyingi za kubeba hutoka kiwandani nutro ikiwa haijaungwa popote. Ukiifunga breka hiyo bila kuliangalia hili, umenunua pambo. Na kwenye fezi tatu, nutro iliyolegea ina balaa yake: vyombo vya volti 230 huweza kujikuta vikigawana volti 400 bila usawa, na friji ya chanjo ikaungua ilhali pampu ya fezi tatu inaendelea kuzunguka kana kwamba mambo ni shwari.

Tazama sasa mazingira ambayo plagi hii itaishi. Ruangwa kuna madini ya kinywe, na mgodi wa Lindi Jumbo uko wilayani humo. Vumbi la kinywe hupitisha umeme. Vumbi la kawaida likiingia kati ya pini mbili ni uchafu. La kinywe likiingia ni waya mwembamba usioonekana. Vilevile kuna salfa. Kila msimu mikorosho ya wilaya hizi hupulizwa salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga, na salfa ni adui wa shaba na fedha: huzifanya nyeusi, na weusi huo ni ukinzani, na ukinzani ni joto. Pini zilizopakwa nikeli hustahimili vizuri kuliko shaba tupu. Ghala la chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) linalotunza salfa mwezi mmoja na korosho mwezi mwingine si mahali pa kuacha plagi wazi sakafuni.

Kwa hiyo daraja la kinga lina maana kubwa kuliko unene wa gamba. IP44 huzuia maji ya kurushwa na vitu vyenye unene wa milimita moja, basi. IP67 hufunga vumbi lote na huvumilia kuzamishwa kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa. Kwa barabara za huku, masika na kiangazi, kwa banda linalohama ningechukua IP67 bila kujadiliana. Ila daraja hilo lipo tu plagi ikiwa imeingia na pete yake imekazwa, au kifuniko kikiwa kimefungwa. Kifuniko kilichokatwa kwa sababu “kinasumbua” kimeishusha IP67 hadi sifuri. Na gamba la chuma linalopendwa na wengi, kama halikuungwa na ethi, ni sehemu nyingine ya kupigia mtu shoti.

Yamebaki mapingamizi matatu yanayostahili jibu. La kwanza ni bei. Ndiyo, plagi na soketi za viwandani za ampea 63 zenye IP67 ni ghali kuliko tepu. Lakini anayenunua banda, viyoyozi, friji na redio, kisha akabana matumizi kwenye kitu pekee ambacho umeme wote unapitia, hajabana chochote. Ameweka rehani vyote alivyokwisha kuvilipia.

La pili ni upatikanaji: vitu hivyo viko Dar es Salaam, labda Mtwara, havipo Nachingwea. Hoja hii ni ya kweli, nayo inaunga mkono msimamo wangu. Kwa sababu viko mbali, chagueni aina moja na mkae nayo. Halmashauri, vyama vya ushirika vilivyo chini ya muungano wa RUNALI, migodi na kambi wakikubaliana kwamba fezi tatu ni nyekundu ya 32 yenye pini tano na fezi moja ni bluu ya 32 au 63, akiba ya vipuri itaingiliana na duka la mjini litakuwa na sababu ya kuviweka. Wingi wa aina ulichangia kuua Mpango wa Karanga. Hatuhitaji kuurudia kwa plagi.

La tatu husemwa kwa tabasamu: mbona tumeunga hivi miaka yote na hatujafa? Waliokufa hawapo kijiweni kubishana. Nyumba au ghala likiungua, taarifa husema chanzo ni hitilafu ya umeme, na hapo uchunguzi wa wengi unaishia. Hitilafu ina mahali ilipokaa, na mara nyingi mahali hapo ni kwenye maungio. Mguso mbovu hauui siku ya kwanza. Hupika polepole, ukimpa fundi muda wa kulipwa, kusifiwa na kuondoka.

Sidai kwamba plagi nzuri inatosha peke yake. Ikiungwa na mtu asiyejua, waya wa ethi ukiwekwa kwenye tundu la fezi, ukaidi wake wote umegeuzwa kuwa mtego. Kwa hiyo kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, apime mwendelezo wa ethi kutoka kwenye bati la banda hadi fremu ya jenereta, apime mpangilio wa fezi, abonyeze kitufe cha majaribio cha breka ya kuvuja, na arudie kila banda linapohamishwa. Sokoni, pitisha sumaku kwenye pini: zikivutwa kwa nguvu, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, zirudishe dukani. Kebo ikunjuliwe yote kutoka kwenye roli lake kabla ya kuwashwa, maana iliyokunjwa hujipika yenyewe.

Na anayeandika zabuni afute maneno “plagi nzito ya kiwango cha kijeshi”, kwa sababu hayamfungi muuzaji kwa lolote. Aandike: IEC 60309, volti, ampea na idadi ya pini, IP67 na vifuniko vyake, pini zenye nikeli, jike upande wa umeme, breka ya miliampea 30, kebo yenye waya wa ethi wa unene uliotajwa, cheti kinachotambuliwa na TBS. Muuzaji atakayeleta kitu kinachoingia kila mahali arudishwe nacho. Ofisa atakayeulizwa kwa nini amekataa plagi imara ya chuma iliyokuwa nafuu atakuwa na jibu lililo kamili: haikujua kukataa.